Aliyekaa Karibu na Baba

Pale Mlandizi, nyuma ya vibanda ambako vijana wa bodaboda huegesha pikipiki zao, kuna mama mmoja anachoma korosho kila alasiri. Anazichoma kizamani, na maganda yake, juu ya bati lililotobolewa matundu. Moshi wake si wa mchezo. Unawasha macho, unakaba koo, na ukiingia kwenye kanga hautoki mpaka uifue na kuianika juani. Wapita njia huziba pua. Mimi husimama. Na umri wangu huu, mkoba mkononi, mvi kichwani, nasimama pale kama mtu aliyesahau alikotumwa, na kitu kinanipanda kifuani. Msidhani ni majonzi. Ni wivu. Wivu mbichi kabisa wa mtoto wa kike wa darasa la pili, haujakauka mpaka leo.

Namwonea wivu nani, uzeeni huku? Marehemu. Tena marehemu ambaye hakuna anayethubutu kumwombea kwa sauti. Nyinyi wa rika langu mmemsikia redioni. Mmemwona kwenye simu za wajukuu zenu, uso kaufunga kitambaa, bunduki begani, na nyuma yake vijana wadogo wamesimama kimya wanamsubiri aseme neno wakaue. Watangazaji walimpa vyeo vikubwa vikubwa. Sisi tulimwita Rajabu tu. Alikuwa mtoto wa shangazi yangu, na alinichukulia baba.

Nianze na baba, maana ugomvi wangu wote na Rajabu ulikuwa juu yake. Baba alikuwa mkulima wa Msimbu, wa mikorosho na mihogo, mrefu, mkimya, mwenye koti moja la kijivu alilolivaa juu ya msuli hata jua liwe kali namna gani. Nimepewa jina la mama yake mzazi, kwa hiyo hakuniita kwa jina langu hata siku moja. Aliniita Mama. "Mama, njoo unishikie hapa." "Mama, wewe unaonaje, mvua itanyesha leo?" Jamani, mtoto mdogo kuulizwa na baba yake habari za mvua! Nilikuwa natazama mawingu, nakunja uso kama bibi kizee, ndipo namjibu. Ndugu zangu wawili walikufa wachanga. Nilibaki mimi peke yangu, na nilidhani Mungu alipanga hivyo makusudi ili nisigawane baba na mtu.

Msimu wa korosho tulipanda vilima mpaka Kisarawe, yeye na gunia begani, mimi na kikapu kidogo kichwani. Tukishamaliza shughuli zetu, tuliketi kwenye benchi la muuza kahawa, jirani na mabasi ya Dar es Salaam. Yeye kahawa, mimi kashata. Wazee wenzake walimtania, "Leo umekuja na mkeo?" Naye hujibu bila kucheka, "Nimekuja na mama yangu. Mwamkieni." Basi wazee wazima, na ndevu zao nyeupe, wananiambia shikamoo, na mimi naitikia marahaba, miguu inaning'inia, haifiki chini. Pale benchini, ubavuni pa lile koti la kijivu, palikuwa pangu. Sikuwa na mali nyingine.

Miaka ile ilikuwa ya watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Sisi wa Msimbu tulisogezwa kidogo tu, tukapangwa mistari kando ya barabara, mkorosho wetu mkubwa ukabaki nyuma na tukazoea. Lakini upande wa Kibaha, kule karibu na mto Ruvu alikoishi shangazi yangu, habari zilizotufikia hazikuwa nzuri. Shangazi alikuwa mjane, na yeye na majirani zake walikataa kuacha mashamba na makaburi ya watu wao. Wakaja watu wa kuwahamisha, wakawavunjia, na nyumba nyingine wakazitia moto ili wenyewe wasirudi. Ya shangazi iliungua na vitu vyake vyote. Yeye na mwanawe wa pekee wakapelekwa kwenye kijiji kipya, wakaanza upya na sufuria ya kupewa.

Haikupita muda akaja mtu kumwita baba, akamnong'oneza uani. Baba aliondoka bila kumaliza uji. Alirudi baada ya siku kadhaa, amemshika mkono mtoto wa kiume mkubwa kwangu kidogo, mwembamba, macho makubwa yasiyopepesa, na nguo zake zinanuka moshi. Mama alimtazama baba, baba akatikisa kichwa kidogo, basi. Halafu baba akasema, "Huyu ni Rajabu. Atakaa na sisi."

Hakuna mtu aliyeuliza kwa nini. Kwetu Uzaramoni mtoto wa dada ni wa mjomba, ndiyo desturi, na mpwa hupita mtoto wa kumzaa. Majirani walikuja kumpongeza baba kana kwamba kazaliwa mtoto wa kiume nyumbani. "Sasa umepata mrithi," walisema, mbele yangu, mimi nimesimama na kata ya maji mkononi. Na kwa kuwa mtoto wa shangazi ni mtani wako, walinigeukia na mimi: "Haya bibie, mumeo huyo kaja." Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi niliona hakuna cha kucheka.

Jioni ile ile mama alihamisha mto wake, akaja kulala na mimi. Mkeka wa Rajabu ukatandikwa chumbani kwa baba, mlangoni, na baba akakisogeza kitanda chake mpaka karibu kuukanyaga. Nilimuuliza mama, "Kwani wewe baba kakufukuza?" Akanifinya sikio. "Lala. Mambo ya mjomba na mpwa wake hayakuhusu."

Na tangu hapo kila kitu kikawa Rajabu. Baba akienda shamba, yuko na Rajabu. Akienda msikitini, Rajabu kulia kwake. Akila, anakula naye sinia moja, mimi na mama tunakula jikoni. Hata kiberiti kilitoka jikoni kikahamia mfuko wa koti. Mama akitaka kuwasha moto ilibidi amwite baba, na baba akishamwashia anakirudisha mfukoni na kukipapasa kwa nje kuhakikisha kimo. Nilidhani ni kwa sababu viberiti vilikuwa adimu. Mnakumbuka wenyewe hali ya duka la ushirika siku zile, unaingia unamkuta muuzaji na rafu tu. Kijijini watu walikuwa wanaombana moto. Unakwenda kwa jirani na kumbi la nazi, lile ganda la nje lenye nyuzi, anakutilia kaa la moto ndani, unarudi nalo mbio huku unapuliza lisizime. Kazi hiyo ilikuwa ya watoto wote. Rajabu hakutumwa hata mara moja.

Kilichoniuma kuliko vyote ni korosho. Zamani baba ndiye aliyezichoma, mimi nikimpa. Sasa alinikabidhi ule mti mrefu wa kukorogea, akanionyesha namna ya kusimama upepo ukiwa mgongoni, akaenda kuketi mbali chini ya paa la uani, Rajabu kampakata baina ya magoti yake kama mtoto mchanga. Korosho zikipata moto zinatema mafuta, mafuta yanawaka, ndimi za moto zinaruka mpaka usawa wa uso. Unakoroga, unakohoa, ukiona zimeiva unapindua bati zote ziingie mchangani, unazifukia zizime. Mafuta ya maganda yalinibabua mikono, ngozi ikawa inatoka vipande vipande. Mikono ya Rajabu ilikuwa laini kama ya sultani. Alikaa pale anautazama moto, hapepesi, mdomo wazi, na mikono ya baba imemzunguka kifuani. Mimi nikishabangua, korosho nzima nzima zilikwenda kwake. Za vipande nikala mimi.

"Baba," nilimwambia siku moja, "na Rajabu naye achome."

"Hapana, Mama. Wewe ndiye unayejua."

Mwenzangu angefurahi kuambiwa hivyo. Mimi niliona napewa kazi ya mtwana kwa maneno matamu.

Safari za Kisarawe nazo zikawa zake. Baba alibeba gunia, Rajabu akabeba kikapu changu, mimi nikabaki Msimbu kulinda korosho zisiliwe na kuku. Nilikuwa nikipiga hesabu, sasa watakuwa wamefika, sasa wameketi benchini, sasa anakula kashata. Nilimchukia mpaka nikawa namtakia homa. Haki ya Mungu, nilimwombea homa, akaugua kweli, na matokeo yake baba akashinda naye kitandani siku zote alizougua. Nikakoma kumwombea kitu.

Siku moja nilimkuta peke yake karibu na kisima, jambo lisilo la kawaida. Baba alikuwa hatua chache tu, anaongea na mtu njiani huku jicho liko kwetu. Nikaona leo nimpashe.

"Unaringa kwa sababu baba yangu anakupenda," nikamwambia.

Akanitazama kama niliyesema kitu kigeni. "Unanionea wivu mimi?"

"Nikuonee wivu una nini?"

"Mimi nakuonea wewe," akasema. "Wewe unakuja kisimani peke yako. Unakwenda shuleni peke yako. Mjomba haulizi uko wapi."

"Basi na wewe nenda, nani kakushika!"

"Yeye," akasema, akaelekeza kidevu kwa baba. Mimi nikasonya. Mtoto aliyeshiba, nilisema moyoni, hana haya.

Lakini niwe mkweli, Rajabu alikuwa na kitu. Chuoni kwa maalimu sisi tulihitaji fimbo ndipo tuhifadhi, yeye alisikia mara moja tu ikakaa. Na mdomo! Baba akiwa kaketi barazani na wazee, Rajabu alikaa pembeni kidogo, watoto wa kijiji kizima wakamzunguka, naye akawasimulia. Alikuwa na hadithi moja tu, ya nyumba yao. Jinsi walivyokuja. Jinsi mama yake alivyoshika nguzo ya mlango akabanduliwa. Jinsi paa la makuti linavyolia likishika moto. Alisimulia polepole, bila kulia, na watoto waliokuwa na kamasi puani walisahau kupenga. Kila mara alimalizia, "Nitawakumbuka wote." Watoto wakaanza kumfuata hata akienda kunawa. Kabla hajaja, mimi ndiye niliyekuwa nikichagua mchezo wa kucheza. Sasa nikipendekeza rede, wanamtazama kwanza Rajabu.

Jirani yetu mmoja alikuwa mwalimu wa shule, Mlutheri, na ndiye pia aliyekuwa balozi wetu wa nyumba kumi. Binti yake Agnesi alikuwa rafiki yangu, tulisukana nywele. Krismasi baba ndiye aliyewachinjia kuku wao, ili na sisi tule, na Idi mama ndiye aliyewapelekea pilau. Ndivyo tulivyokuta, ndivyo tulivyoishi. Krismasi ile mama Agnesi alituwekea watoto sinia la pilau uani kwao, sote pamoja, tumeshanawa, mikono iko juu ya chakula. Rajabu akasema, "Msile."

Tukamtazama. Akasema, wala hakupaza sauti, "Hao ndio waliochoma kwetu."

Agnesi akacheka. "Sisi? Baba yangu hajafika hata Mlandizi!"

"Alikuja mtu na daftari akahesabu nyumba. Baba yako ana daftari, anahesabu nyumba. Walikuwa na msalaba mmoja wao, na nyinyi mna msalaba." Akamwelekezea Agnesi kidevu. "Hao ni wale wale."

Wallahi, mikono ilitoka kwenye sinia mmoja baada ya mwingine. Watoto wenye njaa, na pilau lina nyama! Mama Agnesi alisimama mlangoni na jagi la maji, hajui afanye nini. Mimi nilikula. Si kwa wema, wala sikuwa namtetea Agnesi. Nilikula kwa sababu ni yeye aliyekataza. Nilikula peke yangu mpaka tumbo likaniuma, na hakuna aliyenitazama, wote walikuwa wanamtazama yeye.

Baba alipopata habari hakumchapa. Ingekuwa mimi ningelambwa fimbo. Alimshika mkono, akaenda naye kwa mwalimu, akaketi naye mkekani, akala naye pilau sinia moja na mwalimu na mkewe, mkono wake wa kushoto umeshika goti la Rajabu. Mimi nikaambiwa nibaki nyumbani. Niliwaona kupitia ua wa makuti. Nikasema, tazama, kafanya utundu, kapewa karamu.

Haukupita muda mrefu, alasiri moja, baba alikuwa barazani anakunywa kahawa na wageni waliokuja na habari za mkutano wa kijiji. Rajabu alikuwa ameketi nyuma yake. Mimi nilikuwa uani nachambua kisamvu. Mara nikamwona Rajabu anapita nyuma ya nyumba, taratibu, anaelekea kwa akina Agnesi, na mkononi kashika kumbi la nazi linalofuka moshi. Analipuliza vizuri, kama tulivyofundishwa sisi. Kaa alikuwa amelichukua kwenye mafiga yetu.

Nilipandwa na hasira nikaona giza. Kumbe anaweza kubeba moto! Mimi mikono inabambuka kwa ajili yake, yeye hajui hata kuchochea kuni, leo anakwenda kujipendekeza kwa mama Agnesi, awapelekee moto jikoni, wamsifu kwamba ametubu, ana adabu, mtoto mwema wa mjomba wake. Nilitupa kisamvu. Nilikwenda moja kwa moja barazani, sikuwaamkia hata wageni.

"Baba, Rajabu anawapelekea akina Agnesi moto! Kwetu hawashi, kwa watu anapeleka!"

Kikombe kilimtoka baba mkononi. Sijawahi kumwona baba yangu akikimbia kabla ya siku ile wala baada yake. Alikimbia peku, koti linapepea, akakata katikati ya vibanda vya kuku, akaruka ua. Nikamfuata nikidhani leo ndiyo leo, leo mpwa atachapwa.

Nilimwona nyuma ya jiko la akina Agnesi, jiko la makuti matupu lililogusana na nyumba. Kumbi liko chini, moshi unafuka kwenye mchanga, na baba kalikanyaga kwa mguu mtupu. Wala hakumchapa. Alikuwa kapiga goti moja, kamkumbatia Rajabu kwa nguvu, kichwa cha yule mtoto kimezama ndani ya koti, na baba yangu alikuwa analia. Mabega yanatikisika. Rajabu mikono yake ilining'inia tu, hakumkumbatia. Ndani tulimsikia mama Agnesi anambembeleza mwanawe mdogo.

Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Analia kwa furaha. Mpwa wake amepatana na majirani, kawapelekea moto kwa hiari yake, na baba moyo umejaa mpaka machozi. Mimi nimebeba moto kwa majirani tangu nijue kutembea, hajanililia mtu. Nilirudi nikaokota kisamvu changu jani moja moja, na nikaamua kwamba sitampenda baba tena. Siku zile alichechemea sana. Alisema kachomwa na mwiba, nami nikasema vizuri.

Tuliendelea hivyo mpaka sote tukawa wakubwa. Rajabu aliota ndevu bado analala mlangoni kwa mjomba wake. Walitokea watu wa mbali waliomsikia akisoma Kurani, wakataka kumchukua akasome ng'ambo, gharama juu yao. Baba akakataa. Wakarudi, akakataa. Kijiji kikamlaumu kwamba anamnyima mpwa wake riziki, na mimi nikajua sababu, hawezi kuachana naye, roho yake iko pale. Ijumaa moja baba alikuwa anasali barazani, Rajabu kulia kwake. Alipotoa salamu, kulia kwake palikuwa patupu. Mkeka mtupu, na basi la Dar es Salaam limeshapita.

Nitawaambia nilichofanya. Nilitoka ndani, msichana mzima, nikaenda nikaketi pale pale mkekani, ubavuni pa baba. Nikasema, "Baba, nipo mimi." Aliinuka kana kwamba hakunisikia, akaenda barabarani, akasimama kule mpaka jua likazama.

Yaliyofuata mnayajua kwa juu juu. Alirudi baada ya miaka, mara moja tu, na kundi la vijana. Alikataa kula kwetu, akamwambia baba kwamba Maulidi yetu ni upotofu na kula kwetu na Wakristo ni uchafu. Akaondoka. Tukawa tunasikia kanda zake za mawaidha zinauzwa, mara anafukuzwa msikiti huu, mara yuko nchi ile, mara ameingia misituni na watu wenye silaha. Kila habari baba aliisikiliza akiwa kainamisha kichwa.

Baba alipougua ugonjwa wake wa mwisho nilimuuguza mimi. Namshukuru Mungu kwa hilo, nilimpata baba yangu peke yangu, kitandani, hana pa kwenda. Siku moja nampaka mafuta miguuni nikaona kovu kwenye unyayo, pana, limekunjamana.

"Mwiba gani huu, baba?"

Akasema, "Ni lile kumbi, Mama. La kwa akina Agnesi."

Akanieleza taratibu, kwa pumzi fupi. Kule kijiji kipya cha upande wa Ruvu kulikuwa na ghala la mahindi. Liliungua. Mzee mmoja aliyekuwa analala humo aliungua nalo. Shangazi alimkuta mwanawe ameketi anatazama, kiberiti mkononi, ndipo alipomwita kaka yake. "Nilimuuliza Rajabu kama alijua kuna mtu ndani. Hakunijibu. Mtoto akilia, akisema sikujua, unapata pa kuanzia. Yeye alinitazama tu. Nikamwambia dada, nipe mimi. Nitamkalia. Nikasema nikimkalia karibu, moto utazima."

Mkono wangu wenye mafuta uliganda juu ya mguu wake. Mto wa mama, kiberiti mfukoni, korosho, mikono kifuani kwa Rajabu. Vyote vilipita mbele yangu.

"Mimi nilidhani ulikuwa unampenda," nikasema.

"Nilikuwa namwogopa."

"Na mimi je?"

Akatabasamu. "Wewe, Mama? Wewe sikuwa na wasiwasi na wewe hata siku moja. Siku ile ungechelewa kuniambia, Agnesi na mdogo wake wasingekuwepo."

Mngedhani nilipona hapo. Sikupona. Nililia siku ile, lakini nililia kwa uchungu ule ule, umebadili nguo tu. Maana hofu ndiyo iliyopewa siku zake zote, na sinia lake, na benchi la Kisarawe, na mimi nikapewa kuaminiwa. Kuaminiwa hakukai na wewe kula. Na siku anakata roho, kichwa chake kiko mapajani mwangu, alifungua macho akauliza, "Rajabu yuko wapi sasa hivi?" Hilo ndilo neno lake la mwisho. Nilimwambia yupo, baba, yupo hapa, kakaa. Ndipo akafumba.

Sasa miezi michache iliyopita mjukuu wangu alinionyesha simu. "Bibi, huyu gaidi kasema kwao ni huku kwetu." Uso umefungwa, lakini aliponyoosha kidole kwenye kijiji kinachowaka nyuma yake akasema, polepole, bila kupaza sauti, "Hao ni wale wale," nilimjua. Nikamwona mama mmoja kakaa chini mbele ya nguzo nyeusi za nyumba iliyoungua, wanawe walikuwa ndani. Mungu anisamehe, na yule mama anisamehe, nililia naye na bado katikati ya kilio nikasema, baba angekuwa hai angeacha kila kitu sasa hivi, angeacha hata kunitazama mimi, akakimbia peku mpaka huko. Baada ya majuma machache wakatangaza kwamba ameuawa.

Nilipanda gari mpaka Msimbu. Njiani Mlandizi nilinunua korosho kwa yule mama, nzima nzima. Kaburi la baba liko chini ya mkorosho wetu wa zamani, na Agnesi, mzee kama mimi, hulifagia kila anapopita, ingawa sijawahi kumwambia kwa nini anapaswa kulifagia. Nikang'oa magugu, nikanyunyiza maji, nikasoma nilichojaliwa kusoma. Halafu nikavua viatu nikaketi chini upande wa kulia, nikala korosho moja, nyingine nikaziweka juu ya mchanga.

"Baba," nikamwambia, "Rajabu amelala. Hana kiberiti. Huna haja ya kumkalia tena."

Upepo ulipita kwenye mkorosho. Nikasogea karibu zaidi.

"Sasa niangalie mimi."